Lita Moja, Kopo Moja

Kabla jua halijagusa vilima vya Kirolirwe, Umwali alikuwa ameshachuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, akikamua. Baba yake, Sebagabo, alimshikilia ndama asije akanyonya kabla ya zamu yake. Darasa la Umwali lilisoma mchana, kwa hiyo kila asubuhi alikuwa na kazi hii: kukamua, kuchuja maziwa, kuyatia katika bidoni, dumu la njano la plastiki, kisha kushuka na mama yake hadi sokoni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, lakini mdomo wake haukuwa mwembamba hata kidogo. Walimu wake waliujua mdomo huo. Mama yake, Kamaliza, aliujua kuliko wote.

Jumatano moja Mama Kamaliza hakuwa amefungua hata kifuniko cha bidoni Papa Habineza alipofika. Huyu alikuwa mwenyekiti wa komite ya soko, mtu mzito, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua lilipowaka. Mkononi alishika karatasi, na nyuma yake lilikuja kundi la wanunuzi wenye nyuso za hasira.

"Mama Umwali," alisema kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, "watu wamechoka. Maziwa inapanda kila mwezi. Komite imekata shauri: ushushe bei, irudi vile ilikuwa wakati wa Noeli. Kama hapana, siku ya posho unaacha hii nafasi."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Siku tatu tu! Na nafasi ile chini ya bati, mahali pa hatua mbili kwa tatu, ndipo bibi yake Umwali alipouzia maziwa, na mama yake baada yake. Hapakuwa na soko jingine la karibu. Maziwa hayasubiri, yakikosa mnunuzi asubuhi, jioni yameganda. Bila nafasi ile hapangekuwa na chumvi, wala sabuni, wala daftari.

"Nyinyi wenye ng'ombe munatukamua sisi!" mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka nyuma.

Damu ilimchemka Umwali. "Na maharagwe?" alijibu akisimama juu ya jiwe ili aonekane. "Maharagwe njo ilipanda ya kwanza! Juu ya nini hamufukuze wenye maharagwe?"

"Umwali, shuka," mama yake alisema.

Alishuka, ila macho yake hayakushuka. Yalikuwa yamemganda Mama Anastasie, mkulima aliyeuza maharagwe hatua chache kutoka pale. Mama Anastasie aliendelea kupepeta maharagwe yake bila neno, na kimya kile kilimuudhi Umwali kuliko kelele zote.

Mchana, darasani, moto uliwaka tena. Noëlla, binti wa Mama Anastasie, alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, na walikaa benchi moja. Siku ile Umwali alichora mstari wa chaki katikati ya benchi.

"Mama yako njo alituma ile karatasi," alisema.

"Muongo!" Noëlla alimjibu. "Nyinyi njo mulipandisha. Mama aliacha kununua maziwa sokoni, mutoto wetu mudogo anakunywa uji mutupu."

Kila mmoja alikaa upande wake wa mstari mpaka kengele ya kutoka.

Alhamisi asubuhi Mama Kamaliza alipima lita moja ya maziwa, akaifunika kwa jani la mgomba, akampa Umwali. "Peleka kwa Mama Anastasie."

Hiyo ilikuwa desturi ya kale kuliko wao wote. Kila Alhamisi nyumba ya ng'ombe ilipeleka lita moja kwa nyumba ya shamba, na nyumba ya shamba ikarudisha kopo moja la maharagwe. Hapakuwa na pesa ndani yake.

"Nakatala," Umwali alisema. "Wanatufukuza sokoni, na sisi tuwapelekee maziwa?"

"Umemaliza?" mama yake aliuliza. "Sasa enda."

Alikwenda, akikanyaga ardhi kana kwamba nayo ilikuwa mwanachama wa komite. Alipofika, Mama Anastasie alimpokea kama siku zote, akamimina maziwa katika sufuria yake, akachukua kopo. Umwali alimwangalia kwa jicho la polisi. Leo atamkamata! Alijua hila za sokoni: kopo lililobonyezwa chini, kopo lililowekewa karatasi ndani. Aliingiza mkono, akabonyeza kitako cha kopo kwa kidole. Kilikuwa sawa. Mama Anastasie alimtazama, akacheka kidogo, akalijaza mpaka maharagwe yakafanya kilima na mengine yakamwagika.

"Unatafuta nini mule ndani, mwanangu?"

"Nilifikiri umepunguza," Umwali alisema wazi. Kudanganya hakukuwa tabia yake.

"Kupunguza nini? Tangu wakati wa bibi yako, lita moja, kopo moja. Haikupanda, haikushuka."

Umwali aliangalia sufuria. Aliangalia kopo.

"Mama Anastasie," alisema polepole, "kama maziwa yetu ilipanda kweli, juu ya nini haukunipa makopo mawili?"

"Ee?"

"Na kama maharagwe yenu ilipanda kweli, juu ya nini haukuomba lita mbili?"

Noëlla, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango ili asimwamkie, alitoa kichwa. Mama Anastasie alikaa juu ya kigoda na kopo tupu magotini.

"Sasa nani amemwibia mwenzake?" Umwali aliuliza. Hasira yake ilikuwa bado ipo, ila imekosa pa kukaa. "Hakuna! Basi iko kitu ingine. Mama, ukiuza maharagwe sokoni, ile pesa unanunua nini?"

"Chumvi. Sabuni. Mafuta. Jembe ikivunjika."

"Na sisi tunanunua chumvi ya watu, na chumvi ya ng'ombe, na dawa ya kupe."

"Yote inatoka mujini Sake," Noëlla alisema akitoka nje. "Yote inavuka daraja ya kule chini."

Wasichana wawili walitazamana. Mstari wa chaki ulikuwa bado uko kwenye benchi, lakini hakuna aliyeukumbuka.

Ijumaa asubuhi, baada ya kukamua, walishuka hadi darajani. Walimkuta Viateur, dereva wa pikipiki aliyeletea maduka ya kijiji bidhaa, akishusha magunia mawili ya chumvi. Mbao tatu za daraja zilikuwa zimekatika tangu masika yaliyopita. Pikipiki yenye mzigo haikuweza kupita. Ilibidi magunia yavushwe begani na wabebaji, nao walitaka malipo. Mbele ya daraja kamba ilikuwa imefungwa kwenye mkaratusi na kupitishwa kwenye nguzo, na kijana aitwaye Mbonigaba alikaa juu ya jiwe akishika ncha yake. Viateur alimlipa ndipo kamba ikalegezwa.

"Kaka Viateur, juu ya nini chumvi iko ghali?" Umwali aliuliza.

Viateur alicheka bila furaha. "Dada yangu, unataka nianzie wapi? Mafuta ya pikipiki imepanda. Kutoka Sake mpaka hapa kamba iko mingi. Ingine iko na bunduki nyuma yake. Ile siulizi, nalipa, nafunga mudomo, napita. Wabebaji wengi wamekwenda Rubaya kubeba mawe ya mgodi, wenye walibaki wanaomba pesa mingi. Kila nilipolipa, naongeza kwa mwenye duka. Mwenye duka anaongeza kwa mama zenu. Mama zenu wanaongeza kwa maziwa na maharagwe. Mwisho wanagombana sokoni, na mwenye kamba anakunywa chai."

"Na hii kamba ya hapa? Haina bunduki. Iko ya nani?" Noëlla aliuliza.

Mbonigaba alikunja uso. "Hatuibi! Iko ya komite ya soko. Mbao ilipovunjika, soko nzima walifanya mkutano, wakanyoosha mikono, tukusanye pesa ya kutengeneza daraja."

"Na mbao iko wapi?" Umwali aliuliza.

Kijana alitazama maji yakipita chini. "Sisi pia tunakula," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Umwali alipanda kilima mbio. Alimkuta mama yake akisugua bidoni kwa majani na maji ya moto.

"Mama, weye pia ulinyoosha mukono? Kwa ile kamba ya daraja?"

Mama Kamaliza aliacha kusugua. "Nilinyoosha," alisema. "Walisema ni ya mwezi moja. Nikasahau."

"Kesho nitasema mbele ya watu wote."

"Utamwaibisha Papa Habineza. Utaaibisha soko nzima, na mimi ndani."

"Najua."

Mama yake aliogopa, na hakuficha kwamba aliogopa. Kisha alirudi kwenye bidoni yake. "Basi sema kwa heshima. Na usiseme haraka haraka, watu wasije wakasema hawakusikia."

Jumamosi soko lilijaa pomoni. Papa Habineza alikuja na karatasi yake. "Mama Umwali, siku imefika. Unashusha bei, ao unatoka?"

"Hatutoki," Umwali alisema.

Minong'ono ilisambaa. Mtoto kumjibu mwenyekiti! Umwali alikita miguu ardhini.

"Papa Habineza, nakuheshimu. Ila angalia kwanza hii." Aliweka lita ya maziwa juu ya meza. Noëlla alitoka upande wa pili na kopo la maharagwe, akaliweka kando yake. "Lita moja, kopo moja. Vile ilikuwa wakati wa bibi, njo vile iko leo. Mwenye ng'ombe hakumwibia mukulima. Mukulima hakumwibia mwenye ng'ombe. Tunapigania nini?"

"Maneno ya watoto," Papa Habineza alisema.

"Haiko ya watoto." Mama Anastasie alisimama, maharagwe yakimwagika kutoka mapajani. "Iko kweli. Endelea, mwanangu."

Umwali aliendelea, polepole kama alivyoagizwa. Alilifuata gunia la chumvi kutoka Sake, kamba baada ya kamba, mpaka likafika darajani. Viateur, aliyekuwa akishusha mzigo pembeni, alitikisa kichwa kukubali. "Kamba zile za mbali hatuziwezi leo," Umwali alimaliza. "Ila ya mwisho haikufungwa na mugeni. Papa, nani alifunga kamba ya darajani?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na kila mtu alianza kujikuna. Papa Habineza alivua kofia yake ya sufu kwa mara ya kwanza mbele za watu.

"Ni miye nilisema ifungwe," alisema.

"Na miye nilinyoosha mukono," Mama Kamaliza alisema.

"Na miye," alisema Mama Anastasie. Wengine waliinamisha vichwa, wengine wakajifanya wanapanga nyanya.

"Na pesa iko wapi?" sauti ya yule mwanamke wa Jumatano iliuliza.

"Ilikulwa," Papa Habineza alijibu. "Kidogo ya vijana, kidogo ya mikutano. Mbao haikununuliwa hata moja. Nitalipa mbao miye mwenyewe."

"Tusingoje mbao ya kununua!" Umwali alisema. "Papa yangu iko na mikaratusi. Tufanye salongo leo!"

Salongo ni kazi ya pamoja, na kwetu mtu hualikwa mara moja tu. Walishuka wote: wenye ng'ombe, wenye shamba, Viateur na pikipiki yake. Sebagabo aliangusha miti mitatu, wanaume wakaibeba begani. Darajani, Mbonigaba aliona umati, akaikaza kamba.

"Mulipe kwanza!" alisema.

Umwali aliweka bidoni yake chini, palepale mbele ya kamba. "Hatulipi. Hatulipi leo, hatulipi kesho. Tumekuja kufanya ile kazi ulituambia unafanya. Ukitaka kula, kuja ufanye na sisi. Mama Anastasie amepika maharagwe."

Mbonigaba alitazama miti, akatazama nyuso, nyingi za shangazi zake. Aliachia ncha ya kamba. Walipokosa kitu cha kufungia miti, ni yeye mwenyewe aliyeifungua kamba kutoka kwenye mkaratusi na kuifunga miti nayo, fundo kwa fundo. Kabla ya jioni Viateur alivuka na gunia la chumvi lililokuwa limebaki ng'ambo, likiwa juu ya pikipiki, bila kushusha, bila kulipa, akipiga honi kama bwana harusi.

Bei haikurudi kama ilivyokuwa wakati wa Noeli. Mafuta ya pikipiki yalibaki ghali, na kamba zenye bunduki zilibaki mahali pake. Lakini chumvi ilishuka kidogo, na Jumatano iliyofuata maziwa na maharagwe yakashuka nayo, yote siku ileile, bila karatasi. Mama Kamaliza aliuza chini ya bati lake. Ndugu mdogo wa Noëlla alipata maziwa.

Alhamisi Umwali alipeleka lita yake kama kawaida. Mama Anastasie alijaza kopo, akawaita wasichana wote wawili wakae karibu naye.

"Sikieni vizuri," alisema. "Bei ikipanda, mutu wa kwanza unaona ni jirani, juu yeye iko karibu. Kwa hiyo unamwita mwizi. Usifanye vile. Shika njia, fuata mzigo mpaka kule unatoka, uliza kila mahali nani amelipa na nani amelipwa. Na ukikuta mukono wako mwenyewe juu ya kamba, usione haya kuutoa."

"Na zile kamba za bunduki?" Umwali aliuliza.

Mama Anastasie alisawazisha kilima cha maharagwe kwa kiganja chake. "Hizo ni za watu wakubwa kuliko sisi, na leo hatuziwezi. Ila sasa tunajua ziko wapi, na hakuna mutu atatudanganya tena kwamba ni maziwa yako ao maharagwe yangu."

"Basi nitaendelea kuuliza," Umwali alisema.

"Najua," alijibu Mama Anastasie, akamkabidhi kopo.