Nilinyoosha Mkono Mama Yangu Anyimwe Moto

Nilinyoosha mkono ili mama yangu mzazi atengwe na kijiji.

Ndiyo, mimi Justa. Nitukaneni kwenye komenti, nimeshazeeka, sina presha.

Mwaka 1953, karibu na Kolandoto. Ng'ombe wanne walikufa, mkutano mzima ukasema mchawi ni Scolastika, mjane jirani yetu. Afukuzwe. Ila kwetu lazima wote wakubali, na mama alikataa peke yake.

"Zipora, umeona nini ambacho wenzako hatujaona?" akauliza Jilala, mkuu wa mkutano.

"Sijaona kitu. Ndiyo maana sisemi."

Akaulizwa mara tatu. Jibu lile lile...

"Basi atengwe mpaka akubali," akasema Jilala. "Asipewe moto, maji wala salamu. Dukani asiuziwe kibiriti. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, mume wangu Nkwabi ananitazama. Nikanyoosha. Mama aliniona.

Jamani, mama alikuwa na homa ya kifua na ulikuwa msimu wa baridi. Bila moto angekufa.

Siku ya tatu, adhuhuri, nikashindwa. Nikatia kaa la moto ndani ya mtungi, nikajitwika kama ninayekwenda kisimani.

Nafika... moshi unatoka kwake.

Nasukuma mlango, kuna mtu kapiga magoti anapuliza moto. Akageuka.

Jilala!

"Justa, usiniseme. Watu wataniua."

"Watu gani?" mama akauliza akikohoa. "Wewe ni wa kumi na moja. Kila anayekuja ananiomba nisimtaje, eti wenzake ni wabaya."

Nilicheka huku nalia.

Mkutano uliofuata, Jilala akauliza bila kuniangalia, "Tuendelee kumtenga?"

Nikasimama.

"Mimi nilimpelekea mayu, mama yangu, moto."

Nikajua ndoa imekwisha, maana Nkwabi alikuwa anainuka.

"Na mimi nilimwachia kuni mlangoni," akasema.

Akafuata mwingine. Na mwingine... Jilala akawa wa mwisho. Scolastika hakufukuzwa, alizeekea nyumbani kwake.

Usiku ule nilimuuliza mume wangu kwa nini alinyoosha mkono.

"Nilikuogopa wewe," akasema.

Wajukuu, kabla hamjafuata wengi, mvuteni mmoja pembeni mumuulize anafikiri nini.