Mapigo Matatu Chini ya Sakafu

Nilisema uongo, Mungu anisamehe. Siku shimo la mgodi lilipoporomoka, mimi ndiye niliyekuwa kwenye winchi ya kupandisha watu. Meneja aliuliza, nikajibu, "Wote wametoka." Shemeji yangu, karani wa zamu, aliona kibao kimoja cha namba, alama ya mtu aliye bado chini, kinaning'inia ubaoni. Akanitazama, akakitia mfukoni. Shimo likazibwa kwa zege.

Shemeji alifanya kazi pale miaka thelathini na minne. Alipostaafu akaanza kuandika historia ya mgodi. Wenzetu wakamtania, "Mwanahistoria, usitusahau tulioiba sabuni!" Anacheka, anaandika.

Alipofika mwaka ule wa shimo, daftari likaanza kulowa. Meza kavu, bati halivuji, ukurasa mmoja tu. Kisha chumba kikanuka tope na baruti, mchana kweupe, dada yangu, mkewe, akifua nje. Halafu chini ya sakafu: ngo, ngo, ngo. Mapigo matatu. Mgodini ndiyo ilikuwa ishara yetu: kuna mtu, mpandishe.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Panya hao, shemeji."

"Panya gani anajua kuhesabu?"

Tukamwita mtoa majini. Alisoma, akafukiza, akasoma tena mpaka kanzu ikamganda mgongoni, na hapo kinywa cha shemeji kikafunguka chenyewe, ikatoka sauti ambayo haikuwa yake, nzito, kama ya mtu mwenye mchanga kooni, ikasema, "Pandisha."

Yule mtu akafunga kitabu. "Jini huyu ameingia kwa uongo wenu. Uongo ukibaki, hata nikimtoa atarudi."

Shemeji akashika kalamu aandike ukweli. Nikamkamata mkono. "Shemeji, nitafungwa!"

"Na yeye tuliyemfungia?"

Sikumwachia. Kalamu ikaanguka, na tangu hapo shemeji hajasema neno. Anagonga tu, mara tatu, kitandani, ukutani, mgongoni kwa dada yangu anapomgeuza. Maji hayapiti kooni, siku ya nne leo. Dada analia, ananiuliza, "Kaka, mlifanya nini?"

Yule tuliyemfungia shimoni ana dada yake, anakaa nyuma ya soko. Tulimwambia kwamba kaka yake alitoroka na mwanamke. Hata jana alinisalimia vizuri.

Nakuomba, jirani yangu, nisindikize kwake sasa hivi nikamwambie ukweli, kabla moyo haujanigeuka.