Mkono wa Sorley

"Usimuue, Renata! Unanisikia? Namtaka mzima!"

Sauti ya bosi Kowalczyk ilinguruma redioni. Ajenti Renata Quintero alikaza mikono kwenye usukani.

Alikanyaga mafuta.

Mbele yake, katika vumbi la Arizona, Chevrolet nyeupe ilikuwa inayumba kati ya mipungate yenye miiba, imesheheni kura bandia za posta. Taa yake ya kushoto ilikuwa imepasuka. Ilipasuka siku dereva wake, Dwight Sorley, alipomgonga Efraín Quintero na kumwacha afe barabarani kama mbwa.

Efraín, mkaguzi wa saini kwenye bahasha za kura za posta. Kaka pekee wa Renata.

Kosa lake? Aliishtukia shehena ya kwanza.

"Hizi safi mno, dada," alimwambia kwenye simu. "Kwenye kura za kweli hukosi mume na mke waliobadilishana bahasha mezani, huyu akatia saini kwenye ya yule. Hapa hakuna hata mmoja! Na mikia ya herufi zote imekunjwa na mkono mmoja."

Jioni hiyohiyo akauawa.

Renata alikaa kwenye kiti cha kaka yake, akakagua bahasha mpaka macho yakamuwasha. Leo asubuhi akaiona ya Charlene Sorley. Saini ilikuwa na mkia uleule. Ya mumewe, Dwight, ilikuwa na mwandiko wa kike.

Lahaula! Mtu kaghushi maelfu bila kukosea, halafu nyumbani kwake, sahani za kifungua kinywa zikiwa bado mezani, katia saini bahasha ya mkewe!

Bastola ya Renata, Glock, ililia mara mbili. Tairi likapasuka. Chevrolet ikatumbukia mtaroni.

Renata aliposhuka garini, Sorley alitambaa nje, damu puani, akicheka.

"Unaniua kwa ajili ya karatasi, mrembo?"

"Kwa ajili ya Efraín."

Mtutu ukamgusa kipaji cha uso. Kicheko kikakatika.

"Renata!" Kowalczyk tena, kwenye redio ya begani. "Yeye peke yake ndiye anayejua bandia zipi zimeshaingia. Akifa, kura za kaunti nzima zinatiliwa shaka. Ya mama yako imo!"

Kidole kilikuwa tayari kwenye kifyatulio. Alitamani kukivuta kuliko kitu chochote duniani. Mungu anajua alivyotamani.

Akamtandika kitako cha bastola mdomoni. Meno mawili yakaanguka vumbini.

"Hilo la kwangu," alisema, akimfunga pingu. "Sasa taja zilizoingia. Zote."

Sorley alitaja, fungu kwa fungu, akitema damu. Redio ilirekodi kila neno.

"Nani kanichoma?" alinong'ona mwishoni.

"Wewe mwenyewe. Ulitia saini bahasha ya Charlene."

Akafumba macho. "Yule mwanamke! Nilimwambia asiziweke pamoja!"

"Hutapiga kura tena, Sorley. Lakini usijali, kila uchaguzi nitakuja gerezani kukusomea matokeo. Jina la Efraín nitaanza nalo."

Ving'ora vilikaribia. Renata akavaa miwani yake, akapangusa vumbi mabegani, akaondoka bila kugeuka.