Punje za Chini

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi yake: kugeuza mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, nyuma ya banda la mama yake la kusaga unga. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata reki aliisemesha. Kabla ya mahindi kumwagwa kwenye tangi, lazima mtu ang'ate punje. Ikilia "ka" kati ya meno, imekauka. Ikibonyea, yote yanarudi juani.

Tangi lenyewe lilikuwa la bati, refu kuliko mlango, na chini limechongoka kama faneli. Ukivuta kizuizi cha chini, punje hushuka zenyewe hadi kwenye mashine, na huku juu hujichimba shimo katikati, likizidi kuzama kadiri zinavyotoka. Chiriku alipenda kupanda ngazi kulitazama.

Siku moja wenzake walimwita wakaruke kamba, naye hakuigusa reki. Jioni mama, aliyezongwa na wateja, akamwomba amng'atie punje. Chiriku akaokota za juu, zilizopigwa na jua mchana kutwa. Zililia vizuri. Za chini hakuzigusa, ingawa alijua fika kwamba zina unyevu.

"Yamekauka, mama," akasema. Mjomba wake akayamwaga yote tangini.

Siku chache baadaye kizuizi kilivutwa. Mahindi yakashuka, yakajaza magunia kadhaa ya unga, kisha yakakoma. Mjomba, mtu wa miraba minne aliyeogopa sindano tu duniani, akaligonga tangi kwa nyundo ya mti. Wapi! Wateja wakaanza kunung'unika. Akavua viatu, akasema yameshikamana tu, ataingia ayakanyage.

Chiriku alikuwa ameshachungulia kule juu. Hapakuwa na shimo. Magunia yote yale yametoka, lakini juu mahindi yalikuwa sawasawa kama sakafu. Basi yaliyotoka yalitoka chini, na haya ya juu, kwa ule unyevu, yalikuwa yamegandana yakaning'inia. Chini yake palikuwa patupu.

"Mbona Chiriku leo kimya? Umemeza kufuli?" mjomba akamtania, mguu mmoja ukiwa tayari umevuka ukingo wa tangi.

Chiriku aliwatazama wateja, akamtazama mama yake. Aibu ilimchoma. Lakini mjomba alikuwa naye mmoja tu. Akapiga moyo konde.

"Usikanyage, mjomba. Chini hamna kitu. Mahindi hayakukauka. Niling'ata ya juu tu, nikamdanganya mama."

Mjomba akarudisha mguu, akaomba mti mrefu, akayachoma akiwa ngazini. Pande moja likapasuka, halafu yote yakaporomoka kwa kishindo, vumbi likatimka. Pale ambapo angesimama palikuwa na shimo, na punje za pembeni zilikuwa bado zikimiminika ndani yake.

"Yangenifukia," akasema polepole, akiikumbatia ngazi.

Mama alimshika kaka yake mkono kwa muda mrefu. Kisha akawaomba radhi wateja. Siku hiyo tangi lilimwagwa kupitia chini, bila mtu kuingia ndani. Yaliyoota ukungu yakatupwa, yaliyobaki yakaanikwa upya. Chiriku aliyageuza mpaka viganja vikamuuma.

Jioni mama akaketi karibu naye. "Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Uwongo wako ulikuwa wa punje chache tu, na ungemzika mjomba wako. Umekosa, lakini umesema kweli kabla hatujachelewa. Ukikosa tena, sema mapema kama leo."

Kesho yake alasiri mama akamwita mbele ya wateja wale wale, akamwomba ang'ate. Chiriku akapiga magoti, akazamisha mkono katika mahindi hadi vidole vikagusa turubai, akatoa punje ya chini kabisa. Ikabonyea.

"Bado, mama."

"Haya, kama umesema bado, tutasubiri," mama akajibu, akaenda kuwaeleza wateja.