Pumzi Yenye Harufu ya Karafuu

Jumwa alitoka kuokota makumbi ya kuwashia moto, jua likiwa linazama nyuma ya minazi ya Magogoni. Makumbi yalilala tele shambani mwa jirani yao Mwarandu, mgema wa tembo, ambaye hakuwa na choyo nayo maadamu mtu hakugusa nazi.

Alikuwa amejaza upande mmoja wa kanga aliposikia mtu akivuta pumzi.

Haikuwa pumzi ya mtu aliyekimbia, wala ya mtu anayelia. Ilikuwa ndefu, ya taratibu, kama ya mtu anayenusa chungu kilichofunikwa. Ikaenda... ikaenda... Jumwa akajikuta naye amezuia yake, akingoja ile irudi.

Akachungulia.

Alikuwa Ruwa, shemeji yake, ndugu mdogo wa mumewe, aliyerudi majuzi kutoka vita vya Wazungu na Wajapani kule Bama, ng'ambo ya Bara Hindi. Alisimama mbele ya mnazi, magoti yamelegea kidogo, mikono ameizungusha mbele ya kifua kama aliyekumbatia mtungi. Macho ameyafumba. Mtungi wenyewe haukuwapo.

Palikuwa na harufu ya majani mabichi yaliyotupwa motoni. Moto nao haukuwapo.

"Shemeji," Jumwa aliita kwa sauti ndogo.

Ruwa akashusha mikono, akatabasamu kwa haya. "Usishtuke, shemeji. Ni mazoezi ya pumzi."

"Pumzi nayo hufanyiwa mazoezi?"

"Kule Bama niliugua hata wakanipimia shimo la kaburi. Mchina mmoja mzee, mponda mawe wa barabara, alinipitishia viganja juu ya kifua. Hakunigusa. Nikaamka. Nilipopata nguvu akanifundisha, kwa ishara tu, maana mimi sikijui Kichina naye hakijui Kiswahili. Kila siku mbele ya mti. Kisha kikosi kikahama."

Akainama kumsaidia kuokota makumbi, na uso wake ukamkaribia Jumwa. Pumzi yake ilinuka karafuu.

Jumwa alisimama wima. Lewa, mumewe, ndiye aliyetafuna karafuu, mchana na usiku, kwa ajili ya jino lililomsumbua tangu ujana. Ruwa hakuzipenda karafuu hata kidogo. Mezani alizichagua katika wali akazipanga ukingoni mwa sahani, na mama yake akamcheka. Ndugu hao walijiandikisha jeshini siku moja. Mmoja amerudi. Wa pili, waliambiwa, alikufa kwa homa.

Walilala hema moja, Jumwa alijiambia. Damu yao moja. Akafunga kanga yake, akarudi nyumbani kuwasha moto wa chai yake ya tangawizi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na ukumbi. Aliishi humo na mama mkwe wake, bibi Sidi, na sasa Ruwa, pamoja na bintiye mmoja tu, Dhahabu, mtoto wa miaka mitano. Dhahabu alikuwa na pumu. Masika yakiingia, kifua chake kilianza kupiga mluzi, mabega yakapanda, na macho yakatoka kama ya samaki aliyetupwa mchangani. Hospitali walimpa vidonge, vikamsaidia siku chache. Bibi alimfukiza majani. Wazee wa kanisa la Kengeleni walimwombea. Pumu ilikwenda ikarudi, na kila iliporudi ilimkuta mtoto mdogo kuliko ilivyomwacha.

Jumwa hakuwa na ndoto nyingine. Lewa alikwisha kwenda. Alitaka huyu avute pumzi, basi.

Mvua za kwanza zilipopiga makuti, mluzi ukaanza. Bibi Sidi alimpakata mjukuu wake akimsugua mgongo, shavu limetuna kwa tumbaku yake ya kutafuna. "Vuta, mwanangu. Vuta, na hawe akuone." Hawe, yaani bibi, ndivyo mtoto alivyomwita.

Mtoto hakuweza kuvuta.

"Niruhusu, shemeji," Ruwa alinong'ona.

Alimbeba mpaka minazini, akamketisha ampe mgongo. Kiganja kimoja akakielekeza kwenye shina la mnazi. Cha pili akakielekeza kwenye mgongo wa mtoto, pasipo kumgusa. Pengo lilikuwa la kupita unga wa muhogo tu. Akavuta. Akashusha. Ile harufu ya majani mabichi ikapanda.

Mluzi ukapungua. Ukawa uzi. Ukakatika.

"Mama," alisema Dhahabu, akishangaa, "baba mdogo ana jua mkononi."

Jumwa akalia mbele ya shemeji yake bila ya kujificha.

Ikawa kila magharibi. Mwanzoni lilikuwa jambo la furaha, na Jumwa hakutaka kuona kwamba pumu iliyokuwa ikija kwa msimu sasa ilikuja kila jua lilipozama, kama mtu mwenye zamu. Pasipo viganja vya Ruwa mtoto hakumaliza robo saa.

Watoto wa jirani walimpachika Ruwa jina: Bwana Mtungi. Mwarandu naye alimtania akiwa juu ya mnazi, kibuyu kiunoni.

"Bwana Askari! Huo mnazi umeuposa? Mahari uniletee mimi, ndiye babake!"

"Nitakuletea mbuzi, mzee."

"Mbuzi na jogoo! Binti yangu si wa bei ya chini!"

Lakini utani haukufika mwisho wa mwezi. Mnazi ule ulianza kukauka kutoka kileleni. Makuti yakaning'inia kama mbawa za kuku aliyechinjwa. Ukafuata wa pili, kisha wa tatu. Mwarandu aliuangusha mmoja, akaupasua kilele. Pale penye moyo mweupe, ule mtamu ambao watoto hugombania, palikuwa pamesinyaa, peusi, pakavu kama ugoro.

Alikuja mlangoni panga mkononi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Jumwa.

"Nimetafuta mdudu. Hakuna tundu, hakuna mdudu. Mke wa Lewa, mnazi wangu umenyonywa. Nikimwona tena huyo shemeji yako chini ya mnazi wangu, panga hili siku hiyo halitagema."

Jumapili iliyofuata, mbele ya kanisa, wanawake walinyamaza Jumwa alipopita. Mzee mmoja wa kanisa akamvuta kando, akamuuliza kwa upole kama ni kweli nyumba yake imeingiza uganga. Jumwa alihisi uso ukiwaka. Familia yao ilikuwa ya kanisa tangu babu.

Jioni ile akamwambia Ruwa, "Fanya ndani. Tufunge mlango."

Ruwa alisita. "Yule mzee hakunifundisha ndani hata siku moja. Mvua inanyesha, sisi tuko mbele ya mti. Sijui kwa nini."

"Pumzi ni pumzi, shemeji. Wataka watu watuchome?"

Akatia komeo mwenyewe, kwa mkono wake.

Ndani kazi ilikwenda vizuri kuliko nje. Mluzi ulikatika upesi, na Dhahabu akacheka, akaomba muhogo. Harufu ya majani mabichi haikuja. Ilikuja nyingine, ya kawaida, ya mle nyumbani, hata Jumwa hakuitilia maanani.

Tumbaku.

Bibi Sidi alilala nyuma ya ukuta, kwenye kitanda chake cha kamba. Asubuhi alichuchumaa mekoni kupuliza moto. Akapuliza mara moja, akaketi chini.

"Mama?"

"Abee... moto wa siku hizi mkaidi," alisema, akijaribu kucheka. "Au mimi ndiye nimeiva ghafla, kama papai."

Siku zilivyokwenda hakuweza kumaliza salamu. Mtu alimwamkia shikamoo, akafika kwenye "mara..." akainua mkono kuomba subira. Ngozi ya vidole vyake ikakauka kama kuti. Hakuwa na homa. Hakukohoa. Alipungua tu.

Akafa magharibi moja, nyuma ya ukuta, wakati ule ule mjukuu wake alipokuwa akicheka upande wa pili.

Jumwa alimfumba macho, akarudi kumkumbatia mtoto. Dhahabu akampumulia usoni.

Pumzi ya mtoto ilinuka tumbaku ya kutafuna.

Jumwa alingoja mpaka walipotoka kuzika. Waombolezaji walipotawanyika alasiri, alimkuta Ruwa ameketi ukumbini, viganja amevifudikiza sakafuni, kama vyombo vilivyooshwa.

"Shemeji. Ulipougua Bama, nani alilala kando yako?"

Ruwa hakuinua uso.

"Lewa."

"Naye mgonjwa?"

"Mzima. Alikuwa akiniuguza." Akavifumba viganja. "Nilipoamka walikuwa wamekwisha mfunika. Wakasema homa imemchukua yeye, ikaniacha mimi."

"Na yule mzee... alijua?"

"Haki ya Mungu sijui. Alipokuwa akinifundisha machozi yalimtoka. Nilidhani ni moshi." Sauti yake ikawa ya kunong'ona. "Siku tuliyoondoka alilikimbilia lori. Alikuwa akifanya hivi." Ruwa akainua viganja vyake viwili, akavikutanisha, akavishusha kitovuni, akavibana pale. Akarudia. Akarudia. "Alikuwa akitaka nione jinsi ya kufunga. Mimi nikampungia mkono. Lori likaenda."

Nje, kuku walianza kupanda kulala.

Chumbani, mluzi ukaanza.

Jumwa aliinuka. "Chukua yangu."

"Shemeji..."

"Yangu, Ruwa! Mimi ndiye niliyetia komeo."

Ruwa aligeuka kuutazama mlango wa chumba. Kisha akasema, taratibu sana, "Basi niletee maji kwanza. Koo limenikauka."

Mtungi wa maji ulikuwa nyuma ya nyumba. Jumwa alichota, akarudi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Ruwa."

Akagonga.

"Ruwa! Fungua!"

Kupitia ufa wa ubao harufu ilimjia, nzito, tamu, ya kuwasha pua. Aliijua harufu ile kabla hajaijua sura ya mtoto wake. Alipiga mlango kwa bega hata komeo likang'oka.

Ruwa alikuwa ameketi mkekani, kiganja kimoja kwenye kifua chake mwenyewe, cha pili kimeelekea mgongo wa Dhahabu. Jumwa alipomgusa, alianguka pasipo kishindo. Alikuwa mwepesi kama kumbi.

Dhahabu alikuwa amelala usingizi. Kifua kinapanda, kinashuka, pasipo mluzi. Jumwa akapiga magoti, akaweka uso wake mbele ya mdomo wa mtoto.

Karafuu.

Alijua kwamba yampasa apige ukemi, aite watu. Hakuita. Alikaa pale, macho amefumba, akimvuta mumewe puani mpaka giza likaingia.

Ruwa walimzika kesho yake, kando ya mama yake. Waliokuja walikuwa wachache. Mwarandu alikuja, akachimba kaburi. Alipokuwa akiondoka Jumwa alimwandama.

"Mzee Mwarandu. Minazi yako ile ya mbali, ya kule kisimani. Nikupe shamba langu la muhogo, lote, unipe mmoja."

"Wa kufanyia nini? Aliyejua mambo hayo tumemfukia sasa hivi."

Jumwa akaelekeza macho kisimani. Mwarandu alimtazama, huruma na hofu vikigombana usoni mwake, akaenda zake.

Jua likashuka. Mluzi ukaanza.

Alijaribu mvuke wa majani. Alijaribu mafuta ya mbarika. Aliinua hata viganja vyake mwenyewe nyuma ya mgongo wa mtoto, akavuta pumzi, akaomba. Havikuwa na jua. Vilikuwa viganja tu.

Midomo ya Dhahabu ilianza kugeuka rangi.

"Mama," alisema kati ya mluzi na mluzi, "twende... kwenye mti. Naweza mimi."

"Waweza nini?"

"Naweza. Baba mdogo... alifanya. Nikaona."

Jumwa alimtazama. Mtoto wa miaka mitano. Kisha akachukua mbeleko, akamfunga mgongoni, akatoka mbio. Mwarandu na amkate kwa panga lake akipenda. Minazi ya kisimani ilikuwa ikionekana kutoka mlangoni, myeusi dhidi ya wekundu wa mwisho wa jua. Si mbali. Kila asubuhi aliifikia akiwa na mtungi kichwani, akiimba.

Alipita visiki vya minazi iliyokatwa. Nyuma ya shingo yake pumzi ya mtoto ilikuwa fupi, ya kukwaruza, bado ina karafuu kidogo.

"Karibu tunafika. Vumilia, mwanangu."

Mgongoni, chini ya mbeleko, alihisi viganja viwili vidogo vikifunguka.

Vilikuwa vya moto. Kama jua.

"Bado, Dhahabu," alinong'ona. "Bado. Ngoja mti."

Mluzi ukapungua.

Jumwa aliendelea kwenda. Njia ilikuwa ile ile, mchanga ule ule, ila sasa ulikuwa mzito, na minazi haikuwa ikisogea. Angeweza kuifungua mbeleko. Fundo lilikuwa pale mbele ya kifua, chini ya vidole vyake. Alilishika.

Akalikaza.

Mluzi ukawa uzi. Ukakatika.

Magoti yake yaligusa mchanga kwa upole. Mnazi wa kwanza ulikuwa hapo mbele, angeweza kuurushia jiwe. Nyuma ya sikio lake alisikia pumzi ndefu, laini, nzima, isiyo na kizuizi chochote... ikienda... ikienda... naye akangoja irudi.

Mtoto akacheka kidogo, kwa mshangao.

"Mama! Kumbe wewe wanukia tangawizi."

Jumwa alitaka kumwitikia. Mdomo ulifunguka. Hakukuwa na kitu cha kuitikia nacho.