Swali la Bitota kwa Daktari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bitota alimsaidia mama yake kutwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yao, katika kambi ya reli mjini Kindu. Asubuhi moja mama yake, Musau, aliuacha mchi akashika kifua. Bitota alipomlegezea kitenge, aliona uvimbe kwenye titi.

"Usiambie muntu," mama alisema. "Hata baba yako. Majirani watasema nimelogwa."

Bitota alikubali, maana alifundishwa kutii. Lakini tangu hapo, kila asubuhi aliuchukua mchi yeye mwenyewe.

Juma lililofuata, baada ya kupandisha bendera na kuimba nyimbo za chama tawala, Daktari Ntumba alikuja kuzungumza na darasa la sita. Alikuwa mwanamke wa Kindu aliyesomea Ubelgiji, katika maabara iliyochunguza saratani ya matiti. Aliwaeleza kwamba huko walikuza seli za ugonjwa huo ndani ya vyombo vya kioo. Walipozitilia homoni, kitu ambacho mwili wa mwanamke hujitengenezea wenyewe, baadhi ziliongezeka upesi. Walipotia dawa ya kuizuia homoni hiyo, zilipunguza mwendo.

Bitota alinyoosha mkono. "Daktari, mtu akiificha saratani, inakua polepole?"

Wenzake walicheka. Daktari hakucheka.

"Hapana, mwanangu. Ukiificha, unaipa nafasi ya kukua."

Baada ya kipindi Bitota alimfuata uani, akamweleza yote huku akilia. Jioni hiyo daktari alifika nyumbani kwao, akazungumza na wazazi wote wawili. Musau alikasirika, akamgeuzia binti yake mgongo. Baba wa Bitota, Mpoyi, fundi wa treni, alisema kesho haendi kazini; atampeleka mke wake hospitali mwenyewe.

Musau alipasuliwa, uvimbe ukatolewa. Kwa ruhusa yake, kipande kilipelekwa kwenye maabara ile ya Ubelgiji. Ilikuwa saratani, lakini jibu lilikuwa na heri: seli zake zilikuwa za aina inayotegemea homoni, na dawa ingeweza kuzizuia. Daktari alimwambia matibabu yatachukua miaka, lakini kwa kuwa amewahi, matumaini ni makubwa.

Mwaka uliofuata, Musau aliketi na wanawake wa soko la Kasuku akiwafundisha kujipapasa matiti. Siku moja, mama na binti wakirudi nyumbani, Bitota alimuuliza kama bado ana hasira naye. Musau akamshika mkono.

"Mambo mengi ya nyumbani mtoto huyafungia mdomo, Bitota. Ugonjwa usiufungie, hata nikikuomba mimi."