Maneno Yasiyo na Jina

"Nani kakwambia haya maneno ni ya mwaka 1909?"

Ardelle hakugeuka. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, mguu kaupandisha kwenye benchi la piano, sebuleni kwake, Mtaa wa 145. Ilikuwa saa saba mchana, na saa kumi tulitakiwa tuwe jukwaani.

"Macho yangu ndiyo yameniambia," akasema. "Nilitaka uyaone kwenye ratiba ushangae."

"Nimeshangaa."

"Lem, mbona sauti hiyo?"

Nikamsomea ile ratiba ya onyesho, neno kwa neno.

"'Wimbo wa tano. Maneno yaliyopotea tangu 1909, yamegunduliwa na Ardelle Pettway. Mwandishi hajulikani.' Hajulikani, Ardelle?"

"Sasa nimjue vipi? Hakutia sahihi."

Nikaikunja ile ratiba mara mbili.

Mimi na Ardelle tunapiga piano moja, mikono minne. Yeye hukaa kulia, kwenye noti nyembamba, na ndiye anayeimba. Mimi hukaa kushoto, kwenye besi, na pedali ni ya mguu wangu. Tunafufua nyimbo za michezo ya jukwaani ya watu weusi wa New York, zile ambazo mababu zetu walizichezea kabla redio haijaingia nyumbani. Tuna sheria moja na watu wanatuheshimu kwa hiyo: hatuongezi kitu. Kilichoandikwa ndicho kinachopigwa.

Wimbo wa tano, wa mchezo wa mwaka 1909, ulikuwa na muziki mtamu na maneno ya aibu. Yalikuwa ya kumkejeli mtu mweusi ili mzungu mwenye tiketi acheke. Ndiyo maana miaka yote mitatu tuliupiga midomo imefungwa.

Wiki tatu nyuma nilichoka na ukimya huo. Kwenye sanduku tuliloazimwa na Shemasi Whitlow, mali ya babu yake, nilikuta karatasi za muziki tupu, zimegeuka rangi ya chai kwa uzee. Kila wiki mimi hunakili kurasa zinazomeguka, kwa hiyo ule mwandiko wa kale wenye mikia mirefu mkono wangu unaujua. Nikanakili muziki, na chini yake nikaandika mashairi yangu. Nikaichomeka karatasi kwenye jalada la Ardelle.

Kesho yake aliimba. Akaniambia, "Lem, sijawahi kuona maneno kama haya." Nikamjibu, "Nilijua utayapenda." Nikaenda nyumbani nikiwa mtu aliyekubaliwa. Wiki tatu nilitembea Harlem kama mwenye harusi.

"Ardelle," nikasema, "yale maneno ni yangu."

Mguu ulishuka kwenye benchi.

"Rudia."

"Niliyaandika mimi. Kwa ajili yako. Na wewe umemzawadia maiti."

"Kwenye karatasi ya sandukuni?"

"Ilikuwa tupu."

"Kwa mwandiko wa kale?"

"Ulipendeza."

"Ulipendeza," akanikariri, polepole. "Lemuel Gaither, unajua nimefanya nini? Nimempigia simu Shemasi, mzee wa watu kalia kwenye simu. Kamwambia mama mmoja wa maktaba, na huyo mama anakuja leo na kinasa sauti. Umenifanya mwongo mbele ya watu wote wanaoniamini."

"Mimi ndiye niliyeibiwa, halafu wewe ndiye unayelia?"

"Umeibiwa nini?"

"Jina. Na si hilo tu." Nikayasoma yale maneno:

*Kidole kilichopinda*
*Ndicho kilichonishinda,*
*Ngome niliyoilinda*
*Imefunguka yenyewe.*

"Kidole gani hicho, Ardelle? Tazama mkono wako wa kushoto. Kidole chako mwenyewe unakiimba wiki tatu, na bado unadhani kuna mwanamke mwingine?"

Akautazama mkono. Kidole kidogo kilibanwa na mlango alipokuwa na miaka sita, hakikunyooka tena. Kisha akanitazama mimi, na nikajua nimekosea kuuliza.

"Miaka mitatu tunakaa benchi moja," akasema. "Siku moja, Lemuel, siku moja tu, ulishawahi kukitaja hiki kidole? Ulishawahi kutaja kitu changu chochote, zaidi ya kuniambia nimekuharakisha?"

"Nilikuwa nakionyesha kwa..."

"Kwa nini? Kwa pedali? Wanawake wenye vidole vilivyopinda tupo wengi. Wanaume wanaofungua mdomo ndio hatuwaoni. Nilipoyasoma yale maneno nilijiambia, laiti mwanamume wa hivi angekuwa hai. Hata kwa sekunde moja sikukufikiria wewe."

Hilo lilinipiga kifuani. Nikarudisha kwa nguvu.

"Basi nenda kaolewe makaburini."

"Angalau huko watu wanaweka majina yao juu ya mawe."

Akachukua koti na jalada, akatoka. Mlango haukubamizwa. Aliufunga taratibu, na hilo liliniuma zaidi.

Dakika kumi baadaye ujumbe ukaingia.

*Nimemwambia Shemasi. Hadharani utasema mwenyewe, mimi siwezi kukutengenezea.*

Nikajibu: *Wewe ndiye uliyeandika uongo kwenye ratiba. Futa wewe.*

*Kama huna ulimi usipande jukwaani.*

*Na wewe ukipanda peke yako besi utapiga kwa miguu?*

Simu ikalia. Ilikuwa Shemasi Cornelius Whitlow, na hakusalimia.

"Gaither, naambiwa unaandika barua kwa niaba ya wafu wangu."

"Shemasi, naomba nieleze."

"Utaeleza nikimaliza. Babu yangu alipiga tarumbeta kwenye ule mchezo miaka miwili. Yale maneno ya matusi alikuwa anayasikia kila siku, na Jumamosi mara mbili, mchana na usiku. Aliyavumilia, akalisha watoto tisa. Sasa wewe unataka ionekane kwamba kulikuwa na maneno mazuri yaliyopotea? Hayakuwepo, kijana. Hakuna aliyempa nafasi ya kuimba maneno mazuri."

"Sikutaka kudanganya mtu. Yalikuwa ya Ardelle. Na yeye kayatangaza bila jina langu."

"Jina lako liliandikwa wapi kwenye karatasi?"

Nikafunga kifuniko cha piano.

"Nakuuliza swali jepesi. Lilikuwa juu, au chini?"

"Halikuwepo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ajue mwenyewe."

Alivuta pumzi kama mtu anayejizuia kutukana siku ya Jumapili.

"Umeyaona majalada ya nyimbo zile za kale," akasema. "Picha ya nani ipo mbele? Ya mwimbaji mweupe. Aliyetunga yuko wapi? Wale walipokonywa majina wakipiga kelele. Wewe umelificha la kwako kwa hiari yako, halafu unamgombeza binti wa watu kwamba hakuliona. Una akili timamu?"

Akakata.

Nilikaa kwenye lile benchi. Ningependa kusema nilijuta papo hapo, lakini haikuwa hivyo. Nilikuwa na hasira na Shemasi, na Ardelle, na mama wa maktaba ambaye sijawahi kumwona. Nilipofika kituo cha treni ndipo hasira zote zikabaki na mtu mmoja wa kuzibeba: mimi. Miaka mitatu nilikuwa nikijificha. Kwanza nyuma ya besi, kisha nyuma ya vina, mwisho nyuma ya mtu aliyekufa. Na huko nilikojificha nilikuwa nanuna kwamba sionekani.

Ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa. Kina mama walikuja na kofia zao za ibadani, na nyuma kwenye meza kuku wa kukaanga na makaroni ya jibini walikuwa wamefunikwa tayari. Ardelle alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Nikakaa kushoto kwake. Hatukusalimiana.

Wimbo wa kwanza mpaka wa nne tulipigana. Mikono minne kwenye piano moja haina pa kukimbilia. Kiwiko chake kilinikuta mbavuni mara mbili, na mara ya pili haikuwa bahati mbaya. Mimi nilipiga besi kama napasua kuni. Watu walipagawa. Kuna mama mmoja mbele alisema, "Hawa leo wana roho," na jirani yake akamjibu, "Hiyo si roho, dada, hawa wamegombana."

Wimbo wa tano ukafika. Ardelle aliweka mikono mapajani. Hakuimba, hakunitazama, alikaa tu. Shemasi, kiti cha mbele, alikunja mikono.

Nikasimama, nikachukua kipaza sauti.

"Ratiba yenu imekosea," nikasema. "Haya maneno hayakupotea, na si ya 1909. Ardelle hakuwadanganya, alidanganywa na karatasi. Niliyaandika mimi, Lemuel Gaither, wiki tatu zilizopita, nikashindwa kutia jina langu kwa sababu ya kiburi. Wimbo huu zamani ulikuwa na maneno ya kututukana, na hayo ndiyo ya kweli. Haya ni yangu. Kidole kinachotajwa humo ni cha huyu dada hapa."

Mama wa maktaba alizima kinasa sauti. Mtu fulani akaguna. Nilisubiri Ardelle aguse piano.

Hakugusa.

"Umemaliza?" akaniuliza, na kipaza sauti kilimsikia.

"Nimesema yote."

"Umesema mwandishi ni nani. Umesema kidole ni cha nani. Hujasema kwa nini."

"Sababu iko kwenye shairi, Ardelle."

"Nimeshalisoma shairi. Nataka bila vina."

Nimesoma mashairi mbele ya watu tangu nina miaka kumi na sita na mkono haujawahi kunitoka jasho. Siku ile kipaza sauti kilinitelezea.

"Nakupenda."

"Huko nyuma hawajasikia," akasema mama mwenye kofia ya zambarau.

"Nampenda Ardelle Pettway," nikasema. "Tangu mwaka wa kwanza. Niliogopa akikataa nitakosa na benchi pia."

Ardelle alinyoosha mkono, akanipokonya kipaza sauti. Macho yake yalikuwa mekundu na taya bado limekaza.

"Na mimi nampenda," akawaambia watu. "Lakini leo nimemkasirikia na nitaendelea kumkasirikia mpaka Jumatano. Mama wa maktaba, washa mashine yako, na uandike mwaka huu."

Shemasi Whitlow alinyanyua kidevu. "Na jina," akasema. "Kamili."

"Na jina kamili," Ardelle akasema.

Nikakaa. Nilikuwa bado natafuta pedali kwa mguu aliposhusha mikono na kuanza, bila kunihesabia, kwa kasi ambayo hatujawahi kuifanyia mazoezi. Ikabidi nimkimbilie.